Dirisha la Nella

Daphrose anasema hawakuvunja kitu. Anasema walikuja wengi, wamejipaka mafuta ya mawese mwili mzima ili ukimshika mmoja akuponyoke kama samaki, na kwamba walipuliza unga wa dawa chini ya mlango, nyumba yote ya Karimu ikalala kama imekufa. Kisha, anasema, antivoli, ile fremu ya nondo ya dirisha la chumba cha watoto, ikafunguka yenyewe, taratibu, kama pazia, kwa sababu chuma kinamjua mtu aliyekichomelea.

Aliyasema hayo Ijumaa asubuhi kwenye bomba la maji, ndoo yake imejaa na inamwagika, wala haiangalii. Alipofika kwenye neno hilo, aliyekichomelea, alinitazama. Wanawake wote wa mtaa wetu wa Jabe wakanitazama. Nikasogeza ndoo yangu mbele, nikakinga maji, nikaenda zangu.

Hiyo ya dawa ni uongo. Nyumba ya Karimu haikulala. Tulimsikia mkewe, Mama Zuhura, akipiga sufuria kwa mwiko na kuita majirani kwa majina. Wakubwa wanasema zamani induru ikilia kila mwanamume anatoka na alichonacho mkononi. Siku hizi, tangu kundi hilo la wezi lianze kuingia nyumba za watu, kila mtu anahakikisha kufuli lake na kungoja sauti ikome. Sisi pia tulingoja. Mama alinishika mkono akaomba kwa Yesu polepole mpaka sufuria ikanyamaza. Asubuhi tukakuta wamebeba cherehani, simu na mzigo wa vipuri vya baiskeli ambavyo Karimu anauza sokoni. Karimu mwenyewe walikuwa wamemkata kwa panga mkono wa kulia, alipounyoosha kumvuta mtoto kitandani. Vidole viwili vilikwenda.

Lakini hilo la nondo za dirisha kuachia bila kukatwa halikuwa uongo. Nililiona kwa macho. Fremu nzima ililala nje kwenye vumbi, imenyooka, kama mtu kaitua.

Na aliyeichomelea ni Astère, mchumba wangu.

Sisi si watu wa hapa. Tulitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mama na mimi, baba amekwisha kufa, na aliyetufungulia mlango alikuwa Karimu. Ni Mwislamu, sisi tunasali kwa walokole, hakuuliza. Alitupa chumba cha uani mpaka mama alipopata mtaji wa vitenge na nyumba yetu ng'ambo ya barabara. Mimi namwita papa Karimu, na sijawahi kulisema neno hilo kwa kumpendeza. Ndiye aliyekuwa akae kwenye kiti cha baba yangu siku wazee wa Astère watakapokuja kwa ile desturi ya Warundi, gufata irembo, yaani kushika mlango na kuniomba rasmi. Siku ilikuwa imepangwa. Mama alikuwa ameshachagua kitenge.

Si kwamba mama alimtaka Astère tangu mwanzo. Alisema fundi wa kuchomelea anazeeka macho kabla ya miguu, na kwamba mtu wa mtaa wa Musaga anayeshinda ana masizi mpaka kwenye kope hawezi kumlisha binti yake. Alitaka nimkubali Loïc, anayetoa mizigo mpakani, kwa sababu ana shati jeupe kila siku. Papa Karimu ndiye aliyekaa na mama jioni moja akamwambia, Dorothée, huyo kijana akikuambia kesho, ni kesho. Wangapi unawajua hivyo? Mama akainuka akaingia ndani. Alikasirika wiki mbili, kisha akaanza kumwekea Astère chai.

Nilimpenda kabla ya hayo yote. Meza yetu ya vitenge sokoni inatazamana na karakana yake, na mimi ni mtu wa kukaa na kuangalia. Nilimwona jinsi anavyoinua kioo cha uso akimaliza kuchomelea, anatafuta kitu mbele yake, na siku moja nikatambua kwamba kitu hicho ni mimi. Kuna asubuhi alikuja macho yamevimba, ameunguzwa na mwanga wa mashine. Nikamlaza kwenye benchi lake, nikamkatia vipande vya kiazi kibichi, nikamwekea juu ya kope. Hakuniona, lakini alinyoosha mkono hewani mpaka akapata ncha ya kitenge changu, akaishika hivyo hivyo mpaka viazi vikakauka. Mimi kama ningekufa siku hiyo ningekuwa nimeshiba.

Sasa, kulikuwa na jambo nililolijua ambalo Daphrose hakulijua.

Katika kila nyumba anayoifungia antivoli, Astère huacha dirisha moja. Ukilitazama ni kama mengine. Lakini pembe zake amezigusa tu kwa moto, nukta nukta, hakuzichomelea zote. Mtu akiwa ndani, akilala chali na kupiga kwa miguu miwili chini upande wa kulia, fremu inaangukia nje. Ni kwa ajili ya moto. Alikuwa na mdogo wake, Nella. Nyumba yao ya Musaga ilishika moto mchana, mama yao yuko sokoni na ufunguo, na Nella akafia dirishani ameshika nondo huku majirani wakimvuta mikono. Nondo hizo zilikuwa zimefungwa vizuri sana. Tangu hapo Astère humwita mwenye nyumba pembeni na kumwambia: hili ni dirisha la Nella, ukiona moto piga hapa. Hamwambii mwingine.

La kwetu alinionyesha mimi, kwa kuwa mama hakuwa anamsikiliza. Alishika mguu wangu akaweka kisigino pale pa kupiga, kisha akasahau kuuachia.

Na Jumanne ya wiki ile, siku mbili kabla ya wizi wa kwa Karimu, alikuja kwetu mchana na mashine yake bila kuitwa. Alisema ameona kutu. Akalichomelea dirisha letu la Nella pembe zote, nje na ndani, mpaka chuma kikawa chekundu. Nikamletea chai, akaiacha ikapoa. Hakuniangalia hata mara moja. Alipoondoka nilipitisha kidole kwenye zile nondo. Hapakuwa na kutu.

Mama aliposikia ya Daphrose alivaa kanga yake vizuri akamfuata mpaka uani kwake. Akamwambia, mbele ya watu, kwamba Astère ni mtu wa Mungu. Kwamba Roho ndiye aliyemtuma kufunga dirisha letu Jumanne, vinginevyo wezi wangeingia kwetu na vitenge vyote viko ndani. Na kwamba Jumapili atasimama kanisani atoe ushuhuda. Mwanamke aliyemkataa fundi kwa sababu ya masizi sasa alikuwa anamtetea kwa kidole puani mwa jirani. Daphrose alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole tu, alijuaje? Mama akasema, si nimekuambia, Roho.

Niliosha vyombo. Nilivirudia mara mbili.

Jumamosi nilimwachia mama meza, nikavuka barabara kwenda karakana. Umeme ulikuwa umekatika, lakini hata ungekuwepo hapakuwa na kazi. Mteja mmoja wa Mutanga Nord, mtaa wa matajiri, alikuwa anapakia geti lake kwenye gari, geti lenye upande mmoja tu, wa pili haujatengenezwa. Alilibeba hivyo hivyo na dereva wake, hakusema kwaheri. Astère alisimama akawatazama mpaka gari likakata kona. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikafikiri ni mwanga wa mashine, kisha nikakumbuka mashine haijawashwa.

"Umekuya," akasema.

"Nimetoka hospitali asubuhi. Vidole havikurudi."

"Nimesikia."

"Umesikia. Kila mutu amekwenda kumuona, hata Daphrose. Mutu mwenye atakupokea kama mukwe, we hukwenda."

Akachukua brashi ya waya akaanza kusugua kipande cha bomba ambacho kilikuwa tayari kisafi. Nilimngoja. Kungoja ninakuweza. Shuleni niliishia darasa la sita, lakini hilo sikufundishwa shuleni.

"Astère. Dirisha letu, Jumanne, lilikuwa na kutu gani?"

Brashi ikasimama.

Alinieleza huku ameinama. Jumatatu walikuja wanaume watatu, wakauliza bei ya geti, wakakaa kwenye benchi kama wateja. Mmoja alikuwa na viatu vizuri na maneno ya adabu, alimwita patron, yaani bosi. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba mama yake leo amevaa kitenge cha njano chenye ndege, na kwamba ameshukia kituo cha kwanza badala ya cha pili kwa sababu goti linamsumbua, na kwamba mwanamke wa umri ule asitembee peke yake na kikapu. Kisha akasema wamesikia yeye ni fundi anayejua nyumba zake. Hakutaja panga. Hakuinua sauti. Alipokuwa anaondoka alimpa mkono.

"Ningemuambia nani?" Astère akasema. "Ningetoka hapa kwenda kusema, wao wamefika Musaga kwa mama mbele yangu."

"Walitaka nyumba gani?"

Aligeuza brashi mkononi mpaka nikarudia.

"Yenu," akasema. "Wanajua mama yako analaza vitenge ndani. Nikawaambia ile nimefunga yote, hakuna pa kupita. Ndiyo nikakuya kuifunga kweli."

"Wakasema nini?"

"Wakasema sawa, utupe ingine."

"Ukawapa."

"Rosette, mi nilikuwa na mama yangu upande mumoja na we upande mwingine."

"Ukawapa ya nani?"

"Unaijua."

"Nataka niisikie mudomoni mwako."

Alinyanyua uso. Ndiyo mara ya kwanza alinitazama tangu Jumanne, na ninachukia kwamba hata saa ile moyo wangu ulimkimbilia.

"Ya Karimu," akasema.

Nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa kuimba bei. Nikamuuliza kwa nini si ya huyo wa Mutanga Nord. Akajibu kwamba huyo ana mlinzi wa zamu getini na mbwa wawili, wangekamatwa au wangerudi kwake. Alitafuta nyumba ambayo hakuna mtu ataguswa. Mama Zuhura alikuwa amefiwa na shangazi yake huko Buyenzi, jamaa yote imehamia matangani tangu Jumatatu. Kwa hiyo aliwaambia Alhamisi, chumba cha watoto, vuteni kwa chini. Alisema alijua Karimu atapoteza vitu. Vitu, alisema, angemlipa kidogo kidogo maisha yake yote, angemchomelea bure mpaka wajukuu.

"Matanga yalikwisha Jumatano," nikamwambia. "Walisoma hitima, wakala, wakarudi nyumbani. Kwa Waislamu ni siku tatu."

"Sisi tunakaa wiki."

"Nyinyi, ndiyo."

"Nilifikiri watakaa wiki," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Mi sikujua, Rosette. Mungu ananiona, sikujua."

Miaka yote hiyo anakula mtaani kwetu, anakunywa kahawa mbele ya msikiti, anaitwa shemeji na vijana wa Kiislamu, na hakujua siku ambayo jirani anakunja mkeka wa msiba. Ingetosha kuniuliza mimi. Nilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nikasema, "Basi mahari yangu ni vidole vya papa Karimu."

"Usiseme vile."

"Nani mwingine alitoa kitu? We bado hujatoa hata ng'ombe."

"Mi nilikuchagua we." Alikuja karibu, akasimama pale ambapo huwa anasimama, ambapo nasikia harufu ya chuma kwenye shati lake. "Walisema jina la nyumba yenu, nikaona mikono yako. Nikaona we ndiye unanyoosha mukono kwa ile panga. Ungekuwa mi, ungefanya nini?"

Swali hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Mama yake namjua, amenifundisha kupika maharage kwa mawese kama Warundi, ananiita binti yake hata mbele ya watu wasiomuuliza. Sikumtaka afe. Sikutaka sisi tukatwe. Na nilipokuwa nafanya hesabu hiyo kichwani, nilijiona nami nateremka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, natafuta ambayo naweza kuitoa.

"Nenda kwake," nikamwambia. "Muambie we mwenyewe."

"Wodi imejaa watu. Nikisema leo, jioni wale watatu wanajua. Mama yangu bado anashukia kituo kilekile."

"Mupeleke kwa ndugu zake juu milimani."

"Hataki. Anauliza kwa nini, nimujibu nini?" Akanishika ncha ya kitenge, vilevile, bila kunigusa mwili. "Ungoje kidogo tu. Wazee wakuye, tumalize mambo ya mulango, nitakutoa hapa, twende Rumonge, twende hata kwenu Uvira. Siku moja nitamuandikia Karimu yote. Lakini usiseme sasa."

"Unataka papa Karimu aongee kwa ajili yangu. Akae pale na bandeji, aseme mbele ya wazee wenu kwamba we ni mutu wa kweli."

"Nataka unitake," akasema.

Nilivuta kitenge changu. Hakikuchanika. Aliachia mara moja, kama aliyekuwa anajua. Nilipofika mlangoni aliniita, si kwa nguvu, nikasimama nikimpa mgongo, nikasubiri aseme kwamba anakuja nami. Nilisikia pumzi yake. Kisha nikasikia brashi imeanza tena kusugua lile bomba.

Mchana nilimpelekea papa Karimu uji. Wodi ya wanaume ina vitanda vingi na ndugu wa kila mgonjwa wameketi chini kwenye mikeka, wengine wanapika kule nyuma, kwa hiyo siri yoyote ya pale inasikilizwa na watu wengi. Mama Zuhura alikuwa amekwenda kufua. Mwenyewe alikuwa ameegemea mto, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, uso wake umekuwa wa kijivu lakini ndevu amezichana. Aliponiona akasogea, akapigapiga kitanda ili nikae.

Akaniuliza kama mama ameuza. Akaniuliza kama Daphrose bado ana dawa ya usingizi, kwa sababu watu wa hospitali wameishiwa na angependa awaazime. Nikacheka, ndipo machozi yakanitoka, nikajifanya uji umeniunguza.

"Usilie," akasema. "Mi ndiye nilijikata."

Nikamuuliza anasema nini.

Akaniambia polepole, akiangalia mlangoni asije mkewe akasikia. Lile dirisha Astère alimuonyesha siri yake, akamwapisha. Naye aliitunza mpaka siku moja kwenye benchi la kahawa mbele ya msikiti, watu wanasifia mafundi wao, yeye akashindwa. Alisema nyinyi mna mafundi, mimi nina mkwe: amenifungia nyumba, na bado ameniachia pa kutokea. Akawaeleza na mahali pa kupiga. Walikuwepo watu wengi, wengine hakuwajua. Tangu alipoamka hapa hospitalini anawapitia uso kwa uso, anamtafuta aliyesikia.

"Ni mudomo wangu," akasema. "Kijana alitengeneza dirisha la kuokoa watoto wangu, mi nikalitangaza kama karanga. Na sasa mutaa wote unamuita mwizi. Unafikiri hakuya kuniona kwa nini? Anaona haya. Anafikiri na mi naamini."

Nilishika kikombe cha uji kwa mikono miwili.

"Papa Karimu," nikasema.

"Ungoje, nimalize. Siku ya wazee haisogei. Nitakaa na bandeji yangu, nitaongea, mudomo haukukatwa, ingawa ndio ungestahili." Akacheka kidogo, ikamuuma, akafumba macho. "Lakini mbele ya hapo kuna kitu kimoja. Kesho ni Jumapili, saa za kuona wagonjwa Jabe yote itakuwa hapa, na Daphrose wa kwanza. Umulete Astère. Asibebe kitu, akuye tu. Nitamushika mukono mbele yao wote, niseme huyu ni mutoto wangu, wanyamaze."

Wale wa mkeka wa jirani walikuwa wameacha kula, wanasikiliza, mwanamke mmoja anatikisa kichwa kwa uzuri wa maneno.

"Huu wa kulia haushikiki," papa Karimu akasema. "Atanisamehe, nitamupa wa kushoto."

Akautoa chini ya shuka, akaunyoosha hewani kati yetu, akaufungua na kuufunga, anaujaribu.

"Utamuleta, binti yangu?"